Nywele Zinazorudi Ndani ya Ngozi: Historia ya Wembe na Vipele Vyake

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo ukae karibu na redio, kwa maana leo tunazungumzia jambo ambalo wengi hulionea haya.

Kijana wako wa miaka 18 ameanza kunyoa ndevu, na sasa shingo yake imejaa vipele vyeusi vinavyowasha. Au binti yako amenyoa kwapa, na siku ya tatu anashindwa kuinua mkono kwa maumivu. Au ni wewe mwenyewe. Umenyoa kinena, pakatokea vipele vyenye usaha, na baba watoto anakuuliza umevitoa wapi. Swali kama hilo likiulizwa usiku, nyumba huweza kukosa amani kwa wiki nzima.

Mara nyingi vipele hivyo havitokani na uchafu, wala si ugonjwa wa zinaa. Ni nywele. Unywele uliokatwa umejikunja, ukarudi kumchoma mwenyewe.

Tueleze inavyokuwa. Kila unywele hutoka katika tundu dogo kwenye ngozi. Kwa watu wenye nywele za kipilipili, kama sisi wengi, tundu hilo limepinda kama mundu, na unywele wenyewe hukua ukijiviringa. Ukiachwa urefuke, hujiviringa juu ya ngozi na hauna neno. Lakini ukikatwa kwa wembe karibu kabisa na ngozi, ncha yake hubaki imechongoka kama mkuki. Unapoota tena hupinda, huelekea chini, na kuingia kwenye ngozi milimita chache tu kutoka pale ulipotokea. Tena kuna njia ya pili. Ukiivuta ngozi wakati wa kunyoa, unywele uliokatwa hurudi chini ya ngozi ukiachilia, na ncha yake huchoma ukuta wa tundu kabla hata haijatoka nje. Kwa vyovyote vile, mwili huuchukulia unywele huo kama mwiba. Panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha. Pakipona, hubaki doa jeusi.

Sasa utajiuliza: mbona wazee wetu walinyoa na wembe haukuwa habari ya kuzungumzwa redioni? Ndiyo maana leo nataka tutazame historia kidogo kabla ya kufika kwenye dawa, kwa sababu dawa yenyewe imefichwa ndani ya historia hiyo.

Wembe si mgeni kwetu. Hata neno lenyewe ni la Kibantu. Wanyarwanda na Warundi wao husema urwembe. Wahunzi walifua nyembe za chuma muda mrefu kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. Lakini angalia wembe huo ulitumika lini. Ulitumika mtoto alipozaliwa, mtu alipofiwa, kijana alipovuka rika. Kwa Wamaasai, katika sherehe ya Eunoto, mama mzazi ndiye humnyoa mwanawe moran zile nywele ndefu alizozifuga miaka mingi, akimlowesha kichwa kwa maji yaliyochanganywa na maziwa. Huko pwani, mafundisho ya Kiislamu kuhusu usafi wa mwili yanataka nywele za kwapa na kinena ziondolewe, na muda uliowekwa ni zisiachwe zaidi ya siku 40. Siku 40, mama. Ngozi inapata muda wa kupumzika na unywele unapata muda wa kurefuka. Kunyoa kila asubuhi, hadi ngozi iwe laini kama chupa, hicho kama mazoea ya watu wengi ni kitu kipya. Hakijafikisha hata miaka 150.

Aliyekieneza alikuwa mfanyabiashara wa Marekani aliyeitwa King Camp Gillette. Kabla yake, mwanamume aliyetaka kunyolewa vizuri alikwenda kwa kinyozi, au alijinyoa kwa wembe mrefu wa kunoa kwenye ngozi, kazi iliyotaka mkono uliozoea. Gillette alikuwa na wazo la wembe mwembamba wa bei nafuu, usionolewa, ambao ukiisha makali unatupwa na mtu ananunua mwingine. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1901. Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, aliuza vishikio 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata alipata hataza, na vishikio vilivyouzwa vikapita 90,000.

Kisha ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika vita hivyo gesi ya sumu ilitumika, na kinyago cha kuzuia gesi hakishiki vizuri usoni pakiwa na ndevu. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, serikali yake iliwanunulia askari vishikio milioni 3.5, pamoja na nyembe zaidi ya milioni 30. Vita vilipokwisha mwaka 1918, wanaume wale walirudi nyumbani na vishikio vyao mfukoni na mazoea mapya ya kunyoa kila siku. Uso usio na ndevu ukawa ndio uso wa mtu nadhifu, mtu wa kuajiriwa. Mazoea hayo yakafika hata katika miji yetu, pamoja na kola na tai.

Wanawake nao hawakuachwa. Mwaka 1915 kampuni hiyo hiyo ilitoa wembe wa kwanza wa wanawake, wakati magauni yasiyo na mikono yalipoingia katika fasheni. Matangazo ya magazeti ya Marekani yakaanza kuwaambia wanawake kwamba nywele za kwapa ni aibu. Mimi huona hapo ndipo pa kusimama kidogo. Usafi ni jambo jema, na kila jamii ina desturi yake. Lakini aibu ile ilitengenezwa na watu waliokuwa na kitu cha kuuza, na waliolipa gharama yake ni wanawake.

Gharama hiyo haikuwa ya pesa tu. Katika miaka ya 1920 saluni za urembo huko Marekani zilikuwa na mashine zilizoitwa Tricho, ambazo ziliondoa nywele za usoni kwa miale ya eksirei. Mwanamke alikaa mbele ya mashine, hakusikia maumivu yoyote, na nywele zilidondoka. Alifurahi. Miaka ilipopita ngozi yake ikakauka, ikafanya makovu, na wengine wakapata saratani. Halafu mwaka 1930 ikaingia sokoni krimu moja iitwayo Koremlu. Ndani yake mlikuwa na thaliamu, sumu iliyokuwa ikitumika kuulia panya. Wanawake walioipaka walianza kunyonyoka nywele za kichwa, miguu ikafa ganzi, wengine wakapooza. Walikwenda mahakamani, na kampuni ikafilisika mwaka 1932. Kwa hiyo unapoona mtu anauza krimu ya kutoa nywele sokoni, kopo halina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, kumbuka kina mama hao.

Turudi kwenye vipele. Kwa miaka mingi madaktari waliviona vipele vya ndevu kwa wanaume weusi wakadhani ni viini, yaani bakteria walioingia kwenye matundu ya nywele. Mgonjwa alipewa dawa ya kuua viini, akaambiwa ajisafishe vizuri zaidi na anyoe vizuri zaidi. Alivyonyoa vizuri zaidi ndivyo alivyozidi kuumia. Mwaka 1956 madaktari wawili wa ngozi wa Marekani, John Strauss na Albert Kligman, waliandika makala iliyoweka jambo hili wazi: kinacholeta ugonjwa ni ncha ya unywele uliokatwa, inapoingia katika ngozi. Bakteria wakija, huja baadaye, wakiwa wageni. Kwa hiyo ugonjwa ukabaki na jina la kitaalamu lenye maana ya uvimbe wa bandia wa matundu ya nywele. Kligman huyo, niseme kwa pembeni, ni yule yule aliyelaumiwa sana kwa majaribio ya dawa aliyoyafanya miaka mingi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao wakiwa watu weusi, hadi yaliposimamishwa mwaka 1974. Elimu tunayoitumia ina madeni yake.

Basi, ugunduzi ule ulionyesha tiba moja iliyo rahisi na isiyouzwa: acha unywele urefuke. Ukishapita urefu fulani, unajinyanyua wenyewe kutoka kwenye ngozi kama chemchemi ya kitanda iliyobanwa ikaachiliwa. Kwa wengi vipele hupungua ndani ya wiki chache.

Rahisi kusema. Lakini vipi kama wewe ni askari na amri ni kunyoa kila asubuhi? Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba askari weusi na weupe watumike pamoja. Kanuni ya kunyoa ikawa moja kwa wote, ingawa nywele hazikuwa za namna moja. Askari mweusi aliyekuja gwaride na vidonda vya shingo alionekana mvivu au mkaidi. Mwaka 1974 madaktari wa jeshi, Alexander na Delph, waliandika wazi kwamba hili ni tatizo la tiba, la utawala na la jamii kwa pamoja. Askari wakawa wanaweza kupewa cheti cha daktari cha kuacha ndevu fupi. Cheti hicho nacho kilikuwa na mzigo wake: utafiti wa Jeshi la Anga la Marekani uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba waliokuwa na ruhusa ya kutonyoa walichukua muda mrefu zaidi kupandishwa cheo. Na mwaka 2025 majeshi hayo yalikaza tena masharti ya ruhusa hizo.

Wenye kazi za kawaida pia walipigania haki hii. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya mfanyakazi mmoja wa kupeleka piza huko Nebraska, aliyefutwa kwa kukataa kunyoa kwa sababu ya vipele. Mahakama ilikubali kwamba sharti la kutokuwa na ndevu liliwaumiza wanaume weusi kuliko wengine. Mwaka huo huo wazima moto weusi wa mji wa Atlanta walishindwa kesi yao, kwa sababu kinyago cha kupumulia lazima kishike usoni. Ni kinyago kile kile cha mwaka 1917.

Wakati watu wanakwenda mahakamani, viwanda viliendelea kunoa. Mwaka 1971 Gillette ilitoa wembe wenye makali mawili, na mengine yakaongezwa baadaye. Kazi yake ni hii: kali la kwanza linauvuta unywele juu kidogo, la pili linaukata kabla haujarudi, na unywele unaishia chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka huo ni uso laini. Kwa mwenye nywele za kipilipili ni mwaliko wa vipele. Mama, ukienda dukani kumnunulia kijana wembe, ule wa bei kubwa wenye makali matano si zawadi kwake.

Na wala usifikiri kijana akipata vipele na rafiki yake asipate, basi hajui kunawa. Watafiti walionyesha mwaka 2004 kwamba badiliko dogo katika jeni moja ya protini ya nywele humwongezea mtu uwezekano wa kupata vipele hivi. Mtu huzaliwa nalo.

Nije sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi kina mama moja kwa moja: kunyolewa wakati wa kujifungua. Wengi wetu tulifika wodi ya wazazi uchungu umeshika na tukanyolewa kwanza, au tuliambiwa na mashoga tujinyoe nyumbani ili wauguzi wasitucheke. Desturi hii ilitoka hospitali za Ulaya na Marekani, zilipoanza kupigana na viini katika karne ya 19. Walidhani nywele zinaficha viini, na kwamba kuziondoa kunamkinga mama. Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Johnston na Sidall, walilipima wazo hilo kwa akina mama 389. Hawakuona faida ya kunyoa. Matokeo yakachapishwa, na hospitali zikaendelea kunyoa kama kawaida kwa miaka mingine zaidi ya 70! Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1996, liliweka kunyoa huko katika orodha ya mambo yenye madhara au yasiyo na faida, ambayo yanafaa kuachwa. Mwongozo wa mwaka 2018 ukarudia kwamba haipendekezwi kumnyoa kila mama anayejifungua kwa njia ya kawaida.

Kwa nini wembe uwe na madhara? Kwa sababu hauachi ngozi nzima. Huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, na viini hupata mlango. Mwaka 1971 watafiti wawili, Seropian na Reynolds, walichunguza vidonda vya upasuaji. Walionyolewa kwa wembe, vidonda vilivyooza vilikuwa asilimia 5.6. Walioondolewa nywele kwa krimu, au ambao hawakunyolewa kabisa, ni asilimia 0.6. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema mgonjwa anayepasuliwa asinyolewe kwa wembe. Ikibidi kabisa, nywele zipunguzwe kwa mashine.

Kwa hiyo, mama mjamzito unayenisikia: huhitaji kunyoa ndipo uende kujifungua. Oga kwa maji na sabuni, inatosha. Ukipenda nywele ziwe fupi, zipunguze kwa mkasi mapema, tumbo likikuzuia umwombe dada yako. Usijinyoe kwa wembe usiku wa kuamkia uchungu, halafu uanze malezi ya mtoto ukiwa na vidonda vya kinena vinavyosuguana na pamba.

Historia ya wembe hapa kwetu ina ukurasa mwingine mzito. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na Novemba mwaka 1999 ugonjwa huo ukatangazwa kuwa janga la kitaifa. Miaka hiyo ndiyo tuliyojifunza kwamba wembe mmoja hautumiwi na watu wawili. Somo hilo lisilegee. Wembe wenye damu unaweza kupitisha pia homa ya ini aina ya B. Kila mtu nyumbani awe na wake, na akimaliza kuutumia autupe mahali ambapo mtoto hawezi kufikia, si juu ya dirisha la choo.

Sasa tuseme vipele vimeshatokea. Ufanye nini nyumbani?

Kwanza kabisa acha kunyoa mahali hapo. Si siku mbili. Ni wiki 3 au 4, na pengine zaidi, hadi vipele vitulie. Hii ndiyo tiba yenyewe, na ndiyo inayomshinda kijana, hasa kama shuleni au kazini wanamtaka anyoe. Ikibidi, nenda naye kwa daktari au afisa wa kliniki aandikiwe barua. Huo si ukaidi.

Kila siku, chovya kitambaa safi katika maji ya moto yanayovumilika, kamua, ukiweke juu ya vipele kwa dakika 10 hivi. Kikipoa chovya tena. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Ngozi hulainika na unywele ulionaswa hupata njia. Baada ya hapo sugua polepole kwa kitambaa hicho, ukizungusha, bila kutumia nguvu. Usitumie jiwe la kusugulia miguu, tafadhali.

Ukiona unywele umefanya kitanzi juu ya ngozi, yaani ncha imeingia lakini mgongo unaonekana, unaweza kuusaidia. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua sindano ya kushonea iliyochemshwa dakika 10 kisha ikaachwa ipoe, au kibano kilichopanguswa kwa spiriti. Ipitishe chini ya kitanzi na uinue hadi ncha itoke. Basi, ishia hapo. Usiung'oe. Watu wengi hukosea hapa, kwa sababu kuung'oa kunaleta raha ya papo hapo. Unywele mpya utaota kutoka chini, wenye ncha nyembamba, na safari hii unaweza kuchoma ukuta wa tundu ukiwa bado ndani kabisa ambako sindano haifiki. Na kama unywele hauonekani, usichimbe. Usiutafute kwa pini, wembe wala kucha. Kuchimba na kukamua hupeleka usaha ndani zaidi, na kwa ngozi zetu, ambazo nyingi ni rahisi kufanya kovu la kuvimba, unaweza kubadilisha kipele cha wiki mbili kuwa kovu la maisha.

Kuwasha kukizidi, mafuta ya haidrokotizoni ya asilimia 1 kutoka duka la dawa yanaweza kupakwa kidogo kwa siku chache. Siku chache tu, na yasipakwe ndani ya sehemu za siri wala kwa mtoto mdogo bila kumwuliza mhudumu wa afya. Dawa ya meno, maji ya betri, ndimu mbichi na klorini ya kufulia havina kazi hapo. Vinaunguza.

Madoa meusi yanayobaki yanaudhi, najua. Huisha yenyewe kwa miezi, mradi vipele visirudi. Usikimbilie krimu za kung'arisha ngozi. Kenya ilipiga marufuku zile zenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwaka 1998, na bado zinauzwa kichinichini. Mama anayenyonyesha akipaka zebaki, hajipaki peke yake.

Vikishapona, kijana apunguze ndevu kwa mashine na kuacha kama milimita moja. Asitafute ulaini wa shavu la mtoto. Binti naye anaweza kupunguza kwa mkasi au mashine. Anayetaka wembe lazima, alowanishe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa dakika kadhaa, atumie wembe mpya wenye kali moja, afuate upande nywele zinakoelekea, asiivute ngozi, wala asirudie mahali pamoja mara mbili. Akimaliza, maji baridi. Nguo za ndani za kubana sana ziwekwe kando siku hizo mbili tatu. Wanaotumia nta au sukari iliyopikwa na ndimu wajue kwamba kung'oa nako huleta nywele za kuota ndani, pengine kidogo, pengine sana, kulingana na mtu.

Kwa kinyozi, mwangalie anayemnyoa mwanao kisogoni. Wengine hupenda kumalizia kwa wembe ili mstari uonekane. Vipele vigumu vya kisogo, visipoangaliwa mapema, huungana na kuwa uvimbe mkubwa ambao nywele haziotei tena, na kuuondoa ni kwa daktari. Mwambie kinyozi: mashine tu, na asiikandamize.

Kuna wakati wa kuacha kitambaa na maji ya moto na kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nenda kama wekundu au uvimbe unasambaa, kama pana joto kali na mgonjwa ana homa, kama kipele kimekuwa jipu kubwa, au kama kiko karibu na jicho. Usingoje nyumbani kama mwenye vipele ana kisukari, anaishi na virusi vya ukimwi, au ni mjamzito na maumivu yanazidi. Uvimbe wenye maumivu juu ya mfupa wa mkia, kwenye mfereji wa makalio, nao huweza kuwa nywele zilizojipenyeza, lakini huo hautibiwi nyumbani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulilaza hospitalini karibu askari 80,000 wa Marekani, wengi wao waendeshaji na abiria wa magari ya kurukaruka, hata ukaitwa ugonjwa wa jeep.

Na sehemu za siri: kipele cha unywele huwa kimoja kimoja, mahali paliponyolewa, mara nyingi kikiwa na unywele katikati, na hutokea siku chache baada ya wembe. Ukiona malengelenge madogo yaliyojaa maji yakiwa pamoja, kidonda kilicho wazi, uchafu usio wa kawaida ukeni, au vipele mahali ambapo hakuna nywele wala wembe haukupita, usijitibu na usibishane na mtu. Nendeni kliniki wote wawili, mpimwe pamoja.

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumza juu ya vidonda vya mdomoni kwa watoto wachanga. Kwa herini.